Mwaka wa Mikono Iliyopauka

Ijumaa moja ya masika tulikuwa tunatoka msikitini, hapa Ruangwa, rasharasha bado zinaanguka, nikamwona mzee mmoja ameinamia boneti ya gari jipya la mtu. Mkongojo kauegemeza kwenye taa, pua yake nusura iguse rangi. Matone ya mvua yalikuwa yamesimama juu ya boneti ile kama shanga zilizokatika uzi, kila moja limejikunja peke yake halitaki kujuana na mwenzake. Nilimtambua kabla hajageuka. Kati ya Lindi na Songea hakuna binadamu anayetazama maji namna ile isipokuwa wawili, na mmoja ni mimi. Nikasogea, nikainama upande wa pili wa boneti, nikasema, "Yanakimbia." Naye, bila kuinua kichwa, akajibu, "Nta. Tena nta ya dukani, haina harufu ya nyuki." Ndipo tulipotazamana. Swalehe! Nilikuwa nimeshamsomea hitima mara mbili, kwa habari za watu wasiokuwa na uhakika, na kumbe yupo, meno hana lakini jicho lake ni lilelile. Mwenye gari akatoka mbio na kanzu yake mkononi. "Wazee wangu, mmeona mkwaruzo?" Swalehe akamjibu, "Hapana, mwanangu. Tunasoma." Kijana akatutazama, akatazama gari lake, akaondoka taratibu kama anayewaacha wagonjwa.

Swalehe alikaa kwangu hadi Jumatatu. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, na chumvi, tukanywa chai ya rangi kiasi cha kuoshea ng'ombe, na maneno yote yakawa ya mwaka mmoja tu. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wazazi wangu na nilikozaliwa nawaachia wenye subira ya kusikiliza hayo. Anayenijua anayajua, na asiyenijua hatafaidika lolote. Nataka kueleza mwaka ule niliofanya kazi ya kuyafundisha maji adabu juu ya chuma, na jinsi kazi hiyo ilivyotaka kuninyima mke.

Huo ulikuwa mwaka ambao karanga za mradi wa Waingereza zilikuwa bado zinaahidi. Baadaye zilitusuta sote, lakini mwaka ule Nachingwea ilikuwa na matrekta mengi kuliko kuku, na vumbi lake lilikuwa zito hata ndege walitembea kwa miguu. Watu walitoka kila upande: Wamwera, Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangoni, na Wanyasa waliokuja na vyeti vya ufundi vimefungwa ndani ya leso. Mimi na Swalehe, wote hatujatimiza miaka ishirini na mitano, tulipata kibarua katika karakana moja iliyotengeneza matangi ya maji. Tulipewa chumba kimoja katika nyumba ndefu ya bati, na vyumba vyake vilitengwa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba jirani akijikuna mgongo, anayepata nafuu ni wewe. Jirani yetu alikuwa Baba Rajabu, mtu mzima mwenye maneno machache, tuliyefanya naye kazi benchi moja. Machache kwa sababu mkewe, Mama Rajabu, alikuwa ameyachukua yote. Kila jioni sauti ya mama yule ilipita ukutani pamoja na harufu ya kisamvu chake cha karanga, na sisi tukala ugali wetu mkavu kwa harufu ile na kwa habari zile, tukashiba vyote viwili. Mimi nikishakula nilikwenda shule ya usiku, kwenye banda karibu na misheni, ambako mwalimu mmoja mwenye kikohozi alitufundisha kusoma na kuandika chini ya karabai. Hati hii unayoisoma ilizaliwa pale. Kama ina makosa, ni ya wale kumbikumbi waliokuwa wakiangukia daftari langu.

Msimamizi wetu alikuwa Fundi Yakobo, Mnyasa, mrefu, mkristo wa kweli, ovaroli yake imepigwa pasi hata mfukoni. Katika banda lake kulikuwa na benchi mbili. Benchi ya kwanza tuliiita ya kulaza maji. Hapo tulisafisha mabamba ya chuma yatakayofungwa kwa bolti yawe tangi, kisha yakapakwa upande wa ndani rangi nyeusi ya lami ili yasishike kutu. Benchi ya pili, ya kukimbiza maji, ilikuwa ya vifuniko vya injini na vyombo vya umeme vya matrekta: hivyo vilipakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya taa, nta iliyoletwa na warina asali wa Marambo, vikasuguliwa kwa kitambaa mpaka tone la mvua likitua linateleza kama mwizi aliyesikia mbwa. Chuma ni kilekile, maji ni yaleyale, na kwenye meza moja unayaomba yakae, kwenye nyingine unayaomba yaende. Mpaka leo nikiona sufuria inaoshwa nasimama kutazama. Watu wa nyumbani wameshazoea, wageni wanadhani nakagua usafi.

Sheria ya benchi yetu ilikuwa fupi. Bamba lilisuguliwa kwa msasa, likapigwa brashi na magadi ya moto, likapitishwa kwenye tindikali hafifu, likasuuzwa. Kisha Fundi Yakobo alichukua kopo la maji safi, akalimimina taratibu juu ya bamba lililosimamishwa, na sote tukaacha kupumua. Kama chuma ni safi, maji yalishuka yote pamoja, yametandaa kama shuka lililonyooshwa na mwali, hakuna tundu, hakuna mkunjo. Kama kuna mafuta mahali, hata kama hayaonekani kwa macho, shuka lilichanika palepale, maji yakajikusanya matone na kukwepa. "Maji inalala, paka," alisema Fundi. "Maji inakimbia, sugua." Kiswahili chake kilikuwa hicho, na hakuna aliyewahi kukikosea maana.

Basi ikafika siku ya Bwana Mkubwa, mkuu wa mradi, kuja kukagua matangi ya kwanza. Fundi Yakobo alikuwa amekwenda kumzika mtu wa kwao, akatuachia mabamba ya mwisho tuyamalize wenyewe kabla mgeni hajafika. Sasa, wewe uliyekulia huku unajua: mtu wa heshima haendi mbele ya mgeni amepauka. Ngozi yenye majivu ni aibu ya nyumba nzima. Husemi tu kwamba mtu huyu hakujipaka, unasema hana mama, hana mke, hana shangazi, ametupwa. Siku ile kwa heshima ya kazi na ya mgeni, benchi zima tuliamka mapema tukaoga, tukajipaka mafuta ya ufuta kuanzia utosini. Tulimeremeta! Nzi akitua alivunjika mguu. Swalehe alijipaka mara mbili kwa sababu ndiye angefungua mlango. Halafu, tukiwa tumependeza hivyo, tukashika mabamba yaliyokwisha kusafishwa, tukayabeba kwa viganja vyetu kwa adabu kubwa, tukayasimamisha, tukayapaka rangi. Kumwaga maji tulisahau. Nani angekumbuka kumwaga maji siku ya sherehe?

Bwana Mkubwa alikuja, akaona weusi unaong'aa, akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka akijifuta na leso. Matangi yakajazwa. Siku chache baadaye yalipofunguliwa, rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande na kuelea, kama gamba la nyoka. Lakini haikubanduka ovyo. Ilibanduka pale tu tuliposhika. Ndani ya tangi, juu ya chuma kitupu kilichoanza kushika kutu, kulikuwa na viganja vya watu, vidole vitano vitano, vingine vya kushoto na vingine vya kulia, wazi kabisa kama vimechorwa. Fundi Yakobo aliingia na taa, akatuita ndani. Akasimama mbele ya kiganja kimoja chenye kidole cha mwisho kifupi. Kidole kifupi karakana nzima alikuwa nacho mtu mmoja.

"Swalehe," akasema, "njoo usalimie mkono yako."

"Fundi, wallahi mikono yangu ilikuwa safi," Swalehe akajitetea. "Ilikuwa na udhu!"

"Udhu yako Mungu amekubali," akasema Fundi Yakobo. "Bamba imekataa."

Hatukucheka. Tulikuja kucheka baadaye, na Jumapili ile hapa kwangu Swalehe alicheka hata nikamshika asianguke. Bwana Mkubwa alitaka benchi lote lifukuzwe. Fundi Yakobo alikwenda kutuombea, akarudi na jibu: mabamba yote yaanze upya, rangi ikishika mpaka mvua za kwanza zipite, benchi zima litaandikishwa kazi ya kudumu, ikibanduka tena, kila mtu na njia ya kwao. Kisha akaweka amri yake mwenyewe. Tangu siku ile mpaka kazi iishe, hakuna wa benchi ya kulaza maji kugusa mafuta. Si ya ufuta, si ya nazi, si ya nyonyo. Asishike kichwa cha mtoto aliyepakwa, na akila mihogo ya kukaanga ale kwa kijiti. Glovu zilikuwepo, lakini zilipitia kwa madereva wa matrekta kwanza, na ndani zilikuwa na mafuta kuliko kibanda cha sambusa. Mimi akaniweka kuwa mmwaga maji. Mabamba yote yalipita kwangu, na nikisema "sugua" linarudi, hata kama amelisugua Baba Rajabu mwenye mvi zake.

Magadi na ukosefu wa mafuta vilitufanya viumbe vingine. Kwanza mikono ilipauka, kisha ikakauka, kisha ikapasuka mistari kama shamba la mpunga kiangazi. Tukishikana mikono tulitoa cheche. Siku moja jioni uvumilivu ukamwisha Mama Rajabu, na kwa kuwa ukuta ni mbao, tulisikia kila neno kama tupo mkekani.

"Baba Rajabu, leo kisimani wameniuliza kama nimekuacha."

"Kina nani wamekuuliza?"

"Wote! Wanasema mume wa fulani anatembea na majivu kama jiko la jana. Wanasema mafuta nampa nani? Niambie, mafuta nampa nani?"

"Ni amri ya kazi, mama."

"Kazi gani inayomchukia mtu na ngozi yake? Lete mkono."

"Mama Rajabu, acha."

"Lete mkono nikwambie!"

Tukasikia kiti kimeanguka, mlango umefunguliwa, na Baba Rajabu, mtu mzima yule, akaingia chumbani kwetu mbio, mikono ameiinua juu kama aliyetekwa vitani. Alilala kwetu usiku ule. Asubuhi bakuli la mafuta lilikuwa limewekwa mlangoni, na juu yake kisamvu, ili asiweze kuchukua kimoja bila kingine. Alipitia dirishani akaenda kazini na njaa.

Mimi taabu yangu ilikuwa kubwa zaidi, na jina lake lilikuwa Zuhura. Alikuja sokoni Nachingwea na bibi yake kuuza ufuta, kutoka Mbwemkuru, na nilinunua ufuta kwake mara nyingi hivi kwamba chumba chetu kiliweza kulisha Tunduru nzima kwa miezi. Sikuwa na haja na ufuta. Nilikuwa na haja ya kusikia akinipunja huku akiniita "kaka". Alikuwa na ulimi mwepesi na kicheko anachokifunika kwa kanga, kikatokea pembeni. Nikamtuma Baba Rajabu akaposa. Huku kwetu, kama ujuavyo, mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, na mjomba wa Zuhura alikuwa Mzee Chitanda, mkulima mkubwa wa korosho na ufuta. Nyumba yao ilijulikana kwa mafuta kuanzia Mbwemkuru mpaka Nambambo. Walikamua wenyewe kwenye kinu, na mgeni akifika kwao huletewa maji ya kuoga na bakuli la mafuta kabla hajaulizwa jina. Baba Rajabu akarudi na jibu: kijana aje aonekane, awe na kazi ya kudumu, awe mtu wa heshima. Hiyo kazi ya kudumu ilikuwa inategemea mikono mikavu. Heshima katika nyumba ile ilikuwa mikono yenye mafuta. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa aingie nyumbani huku akibaki nje.

Nilikwenda Jumamosi, kwa lori la mbao mpaka njia panda na kwa miguu sehemu iliyobaki. Nikakuta ua umefagiwa, mkeka umetandikwa, na kuku analia kwa uchungu nyuma ya jiko. Bibi yake Zuhura, mama mzazi wa Mzee Chitanda, akanipokea. Akanishika mkono wa salamu na hakuuachia. Akaugeuza. Akautazama ndani, akautazama nje, akapitisha kidole gumba kwenye mpasuko.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole, "kwenu kuna msiba?"

"Hapana, bibi. Ni kazi."

"Kazi ya kuchimba chumvi?"

"Ya kusafisha vyuma, bibi."

"Na vyuma vimesafika?" Nyuma ya mlango nikasikia kicheko kimezibwa kwa kanga.

Nikaoga. Bakuli likaja, mafuta ya mwaka ule, ya rangi ya asali, yananukia. Mzee Chitanda alikuwa ameketi anatazama. Jumatatu nilikuwa na mabamba ya mwisho, na nilijua kwamba mafuta yakiingia kwenye mipasuko ile hata magadi ya moto hayatayatoa yote. Nikawaza mpaka kichwa kikapata joto. Mwisho nikamwomba mdogo wake Zuhura anipake yeye: uso, shingo, miguu mpaka kwenye vidole, na mikono yangu miwili nikaishika juu, hewani, muda wote, kama mtu anayepimwa kanzu. Nilidhani nimepata njia ya katikati. Nilikula kuku yule kwa kijiko nilichokiomba, nikala vizuri, nikasimulia habari za matrekta, wanawake jikoni wakacheka mahali panapostahili. Mzee Chitanda hakucheka. Nilipoaga ndipo aliponena.

"Umekubali mafuta yangu miguuni," akasema. "Miguu ndiyo inayokanyaga uchafu. Mkono ndio unaosalimia watu, na mkono umeninyima. Mimi nimeelewa hivi: umekuja kuchukua mtu katika nyumba hii, lakini hutaki kushikwa na nyumba hii."

"Mjomba, si hivyo. Nikishika mafuta, rangi haishiki kwenye chuma, na kazi..."

"Nimelima miaka yote hii na mafuta mkononi. Jembe halijawahi kukataa. Nenda. Ukipata mikono ya mtu, rudi."

Sitaki kusema nililia njiani. Nilisema wakati ule ni vumbi, na vumbi la Nachingwea, kama nilivyoeleza, lilikuwa zito. Nikiwa mzee sasa namwelewa zaidi kuliko nilivyojielewa mimi. Alichoogopa kilikuwa cha kweli: wajukuu wa watu wengi walikuwa wanakwenda kwenye mradi ule na kurudi hawataki kukaa mkekani. Mtu anayekataa bakuli la mafuta leo, kesho atakataa nini? Lakini ujana hauna nafasi ya kumwelewa mtu aliyeshika mlango. Jumatatu nilimwaga maji kwa hasira, nikarudisha mabamba mengi kuliko siku zote, mpaka Swalehe akaniuliza kama nimeposwa na kopo.

Jumatano yake, tukiwa na bamba la mwisho la tangi la mwisho, lango likafunguliwa akaingia Mzee Chitanda mwenyewe. Alikuwa ameleta ufuta sokoni, akasema, na ametaka kuona kwa macho yake kazi inayokataa mafuta. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti, na amejipaka kama mtu wa heshima zake. Mashavu yaling'aa, mikono iling'aa, fimbo iling'aa. Benchi zima likasimama kumwamkia. Nikamweleza magadi, tindikali, maji. Nikamimina kopo moja juu ya bamba, na maji yakashuka kama shuka, yote pamoja, bila tundu. Akatikisa kichwa. Nadhani alipenda. Uso ulilegea kidogo, na kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu anayetazama mali ya jirani na kuikubali. "Mali nzuri," akasema, akanyoosha mkono, akalipiga bamba kofi la pongezi, paaa, kiganja chote.

Swalehe aliangalia chini. Baba Rajabu aliangalia juu. Fundi Yakobo alikuwa amesimama kwenye benchi ya nta na kitambaa mkononi. Alinitazama tu mimi. Bamba lilikuwa linaonekana safi kabisa. Rangi ilikuwa imekwisha kukorogwa. Ningeweza kusema "paka", mjomba akaondoka na furaha yake na mimi na mke wangu, na kiganja kile kikabaki chini ya lami, kikisubiri. Au ningeweza kumwambia mjomba wa mchumba wangu, mbele za watu, kwamba mkono wake umechafua. Sijui nilisimama muda gani. Swalehe anasema ni muda wa kupika maharage.

Nikachukua kopo. Nikasema, "Niwie radhi, mjomba," nikamwaga.

Maji yakashuka vizuri, yakafika katikati, yakachanika. Yalikizunguka kiganja chake pande zote, yakakikwepa kidole kwa kidole, na mkono wa Mzee Chitanda ukatokea juu ya chuma, mkavu, mzima, na mistari yake. Aliutazama. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akatazama tena bamba. Matone yalikuwa yanatetemeka pembeni mwa kidole gumba. Nikapiga magoti, nikachukua brashi na magadi, nikausugua mkono wa mjomba mpaka ukatoka. Nilipomwaga tena, maji yalilala. "Paka," nikasema. Nilipogeuka, Mzee Chitanda hakuwepo. Alikuwa ameondoka bila kuaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko reli ya Mtwara. Zuhura hakuonekana sokoni. Ufuta uliletwa na watu wengine, nami sikununua. Swalehe alijaribu kunifariji, akasema labda mzee alikumbuka kitu nyumbani. "Alikumbuka nini?" nikamuuliza. Akafikiri. "Alikumbuka kwamba ana mpwa mzuri." Faraja ya Swalehe siku zote ilikuwa namna hiyo. Mvua za kwanza zikaja, zikapita. Bwana Mkubwa akaagiza matangi yafunguliwe, akaingia mwenyewe na taa, akakaa humo tukimsikia anagonga gonga. Akatoka hana rangi kwenye kucha. Rangi ilikuwa imeshika kila mahali, nyeusi, nzima, hakuna hata kidole. Fundi Yakobo akatuandikisha wote siku hiyohiyo, na jina langu akaliweka mbele ya yote, na mbele yake akaandika mkaguzi. "Iwe," akaniambia, yaani wewe kwa lugha ya kwao, "siku ile ya mzee ndiyo nilikuajiri. Leo ni karatasi tu." Kisha akafungua sanduku lake, akatoa chupa ya mafuta, akampa kila mmoja tone mkononi kama komunyo. Nami peke yangu sikuchukua. Sijui kwa nini. Ilionekana kama kuondoa kitu ambacho bado hakijaamuliwa.

Ndipo Baba Rajabu alipoletewa neno kutoka Mbwemkuru: kijana aje. Mzee Chitanda hakusema kwa heri wala kwa shari, alisema aje. Nilikwenda na Baba Rajabu, na mkewe pia alifuatana nasi, kwa sababu, alisema, mazungumzo ya ndoa bila mwanamke anayejua kusema ni mazishi. Tulikuta watu wamekaa, ndugu wa upande wa mama yake Zuhura, kina mama upande mmoja wa mkeka. Bibi alikuwa karibu na mlango na bakuli lake la mafuta mbele yake, uso umekunjamana, si kwangu bali kwa mwanawe. Tulipokuwa tunavua viatu nikamsikia akimnong'oneza Mama Rajabu, mnong'ono wa kusikika mpaka mtoni:

"Tangu alfajiri amekataa bakuli langu. Jana pia. Mtu mzima, siku ya shauri la watu, anakaa hivyo!"

Nikamtazama Mzee Chitanda. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, kofia yake mpya, na mashavu yake yalikuwa yamepauka. Mikono aliyoiweka juu ya magoti ilikuwa ya kijivu kama mti wa mkorosho, imejichora mistari myeupe kwenye maungio. Amejinyima mafuta, mtu yule, mbele ya ukoo wake wote.

Hakutoa hotuba. Alinyoosha mkono juu ya mkeka, nami nikaupokea. Vikakwaruzana kama msasa na msasa, kila mtu akasikia, na nyuma ya mlango kicheko kikatoroka kanga.

"Mkono mkavu na mkono mkavu!" bibi akapiga kelele. "Haya ni mapatano ya ndoa au ya kuni? Chitanda, ngoja niwapake wote wawili, watu wasitucheke." Akasogea na bakuli.

"Mama, acha kwanza," akasema Mzee Chitanda, hajaniachia. "Ukitia mafuta sasa, haitashika."

Akaubana mkono wangu, akaendelea kuubana, macho yake kwenye viganja vyetu, kama mtu anayesubiri rangi ikauke.